Bustani ya Kuchezea, Usichezee

Jumatatu, 10 Februari
Afisa wa elimu anakuja Ijumaa! Anatafuta chekechea moja, Kisauni nzima, yenye uwanja ambamo watoto hujifunza kwa mikono, pua na masikio. Hiyo ndiyo itakayokuwa shule ya mfano. Mfano, Mwalimu Sufyan wa Mjambere! Mpinzani ni mmoja tu: Mwalimu Josephine, ng'ambo ya njia. Ana rundo la mchanga, pipa la maji na vifuu. Vifuu, masikini! Ila tangu Januari watoto wangu wanane wamehamia kwake. Wakihama wanane wengine, nafunga shule.

Jumanne, 11 Februari
Bustani imekamilika. Mchanga mweupe wa kushikwa. Makumbi ya nazi ya kukanyagwa kwa miguu mitupu. Mrehani na mchaichai wa kunuswa. Vifuu pia, lakini vyangu nimevipaka rangi ya dhahabu. Mke wangu Nadira kauliza watoto watafanya nini humo. Nikamwambia watahisi. Akasema wao huhisi kila siku, tena bure.

Jumatano, 12 Februari
Balaa! Nimefungua saa mbili, saa tatu bustani hakuna. Mchanga umeingia kwenye makumbi, makumbi kwenye nywele. Mchaichai umeng'olewa, ati wa chai. Nimefagia hadi mgongo ukagoma. Kisha nikazungusha kamba, nikatundika kibao: BUSTANI YA KUCHEZEA. Chini yake: USICHEZEE. Nadira kakisoma mara mbili, kashika kiuno, kaniuliza, Baba Intisar, tushike lipi? Nimemwambia ualimu haujui.

Alhamisi, 13 Februari
Bustani inang'aa. Mchanga nimeuchana kwa kitana. Watoto wameketi barazani wakitazama kamba. Mkosaji mmoja tu, binti yangu Intisar, miaka mitano. Alipenyeza mkono achume jani la mrehani. Nikamwita kwa ukali. Akaitika abee, akaurudisha mkono, hakulia. Afadhali angelia. Imeniuma. Lakini kesho ni kesho.

Ijumaa, 14 Februari
Afisa, Bi Mwanatatu, kafika. Kasifu usafi. Kisha kauliza watoto wako wapi. Nikageuka: baraza tupu! Vicheko vinatoka ng'ambo. Tukavuka njia. Watoto wangu wote kwa Josephine, matope hadi kwenye kope, wanapika. Bi Mwanatatu kavua viatu, kakunja buibui, kaketi mchangani. Kaletewa pilau ya matope ndani ya kifuu. Na mpakuaji ni nani? Intisar! Akamwambia, bismillah, bibi, ina moto. Tangu lini mwanangu ana maneno mengi hivyo? Wallahi, machozi yalinilenga. Josephine ndiye mfano. Alinikaribisha nami chakula. Nikasema nimeshakula.

Jumatatu, 17 Februari
Nimetafakari siku mbili. Mwenye macho haambiwi tazama. Kosa langu nimeliona: sikuwa na matope! Leo nimeleta mikokoteni miwili ya udongo mwekundu, nikauchekecha, nikautia maji kwa mkono wangu. Hakuna matope kama haya Mjambere nzima. Intisar kaja, kaniamkia shikamoo, kaomba atie kidole. Kimoja tu. Nikamwambia asubiri, mama, mwakani afisa atarudi. Akasema haya, baba. Akaniaga kwa adabu, akavuka njia.

Nimeongeza kamba ya pili.