Swala Twiga wa Nzilani

Idara ya Uonekano wa Wanyama ilitangaza, kwa barua yenye mihuri miwili, kwamba kuanzia mwezi huu hakuna mgeni atakayezuru Tseikuru na kurudi kwao bila kuona wanyamapori wasiopungua watatu. Mkurugenzi Kanyi alieleza kuwa wadau wote walishirikishwa. Wanyama walialikwa, ila hawakuhudhuria.

Nzilani hakuwa na ubishi na barua hiyo. Alikuwa na mbuzi wanne, na mipango yake haikuhitaji muhuri: mmoja wa maziwa, na wanawe watatu wa kupelekwa Migwani Jumamosi kwa ntheo ya kijana wake Muli. Bila mbuzi watatu wa ntheo kufika kwa wakwe, msichana bado ni wa kwao, hata mkizaa timu nzima ya mpira. Tayari safari hiyo ilikuwa imeahirishwa mara mbili, na baba ya msichana alikuwa ameanza kuitikia salamu kwa kukohoa.

Alhamisi asubuhi, Nzilani akiwa kisimani, dereva wa Idara alipita akamchukua yule mbuzi wa maziwa. Aliacha karatasi mlangoni: "Mchango wa jamii kwa wageni. Asante kwa kujitolea."

Mgeni mwenyewe alikuwa Bi Eunice, mkaguzi kutoka Nairobi. Alizungushwa porini tangu saa kumi na mbili. Hadi saa sita alikuwa ameonyeshwa kinyesi cha ndovu, ambacho Kanyi aliomba kihesabiwe kama ndovu aliye likizoni. Bi Eunice alikataa. Fomu yake haikuwa na nafasi ya likizo.

Ndipo gari lilipopita karibu na ua wa Nzilani. Mbuzi watatu walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma, shingo juu, wakivuta majani ya mgunga.

"Simamisha!" Kanyi alinong'ona, akishikilia kofia yake. "Swala twiga! Watatu kamili!"

Bi Eunice alivaa miwani. "Mbona huyo ana kamba shingoni?"

"Ya utafiti."

"Na kengele?"

"Teknolojia, madam."

Nzilani alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Hizo ni mbuzi zangu!"

"Mama, punguza sauti, utawashtua wanyama."

"Nimezizalisha na hii mikono!"

"Uko na cheti cha kuonyesha ni mbuzi?"

"Nani kwa hii Kenya ako na cheti ya mbuzi?"

"Hapo sasa," Kanyi alisema kwa upole, kama mwalimu aliyepata jibu alilolitaka. Akaandika ilani juu ya boneti: swala twiga hawa ni mali ya taifa, ni marufuku kuwafunga, kuwakamua, kuwahamisha wala kuwala, atakayekiuka atakamatwa bila kujali cheo.

Nzilani aliiwazia Jumamosi. Akaiwazia pia ile karatasi ya mlangoni. Akashusha mwiko.

"Na mama yao, Mkurugenzi? Yeye pia ni swala?"

"Hasa mama yao," alijibu Kanyi, aliyependa kuulizwa maswali mbele ya wageni. "Mama ndiye chimbuko la spishi."

"Basi andika."

Aliandika. Akapiga muhuri mara mbili, akamkabidhi Nzilani karatasi. Bi Eunice alimsifu kwa kufikiria mbali.

Saa nane Kanyi na mgeni wake walikuwa kambini kwa chifu, wakila nyama choma. Nzilani aliingia bila kubisha, akapita hadi jikoni, akarudi na beseni lenye kichwa kilichokuwa kikingoja kuwa supu. Alimpa ilani Mwangangi, askari wa wanyamapori, aliyekuwa amesimama mlangoni bila kualikwa mezani.

"Soma, mwanangu."

Mwangangi alisoma yote, hadi "bila kujali cheo". Sehemu hiyo aliirudia.

"Huyu ndiye mama yao," alisema Nzilani. "Angalia hiyo sikio ya kushoto. Nimeikata mimi, na wale watatu wako na alama hiyo hiyo."

Bi Eunice aliutema mnofu kwenye karatasi. Mwangangi alitoa pingu.

"Kwa heshima zote, bosi, weka huo ubavu chini. Ni ushahidi."

"Wee Mwangangi! Hii ni mbuzi!"

"Iko na cheti?"

Kanyi aliitazama pingu, kisha ubavu.

"Bwana Mkurugenzi," aliuliza Bi Eunice, "kwani mbuzi huzaa swala?"

"Mbuzi," alisema Kanyi polepole, kama anayetangaza matokeo ya utafiti, "huzaa mbuzi."

"Andika," alisema Nzilani. "Na mihuri yote miwili."

Bi Eunice naye alijaza fomu yake. Mnyama aliyeonekana: mmoja. Maelezo: mla nyama, ana kofia, haogopi watu.

Jumamosi, mbuzi wa maziwa kutoka nyumbani kwa Kanyi, kule Wote, alikuwa amefungwa kwa Nzilani kama fidia. Gari la Idara nalo lilifika Migwani likiwa na Nzilani na Muli mbele, na mbuzi nyuma wameshikwa miguu wasiruke. Baba ya msichana alichungulia ndani akihesabu kwa kidole.

"Moja, mbili, tatu. Sawa. Na huyo wa nne ako na kofia?"

"Huyo si wa ntheo," alisema Nzilani akishuka. "Huyo tutarudi naye."