Malalamiko Kuhusu Msichana Aliyeaga Vizuri

Nunguni, Jumatatu

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Vilabu vya Jimnastiki

Mheshimiwa Mama Kasiva,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watu wa nyumbani. Mimi si mzima. Ninaandika kumshtaki mwanajimnastiki wangu Kathini, mwenye miaka kumi na minne, ambaye amehama klabu yangu hapa Nunguni kwenda klabu ya Kambu bila kumdanganya mtu yeyote.

Wewe umekaa katika michezo miaka mingi, unajua tunavyoachana. Mtoto anaanza kuumwa na goti. Baadaye mama yake anapiga simu kusema masomo yamekuwa mengi. Mimi nasema pole, naahidi kumwombea, na baada ya mwezi mmoja namwona kwenye mashindano amevaa fulana ya klabu nyingine, goti limepona kabisa. Tunasalimiana vizuri. Huo ndio ustaarabu, na tumeishi nao kwa amani. Sasa tazama alichofanya Kathini.

1. Alikuja kuniambia mwenyewe. Alinisubiri mlangoni mwa ukumbi wa kanisa tunakofanyia mazoezi, akanisalimia, akasema, "Kocha, mwezi ujao naenda Kambu." Hakukohoa hata kidogo. Na uongo alikuwa nao, tena mzuri sana: shangazi yake Katunge anauza machungwa huko kando ya barabara kuu. Angesema anaenda kumsaidia shangazi, ningeridhika mpaka leo.

2. Alitoa sababu. Nilimuuliza kwa adabu tu, jinsi mtu anavyouliza habari za asubuhi, nikitegemea goti. Akaniambia kwamba Kambu wana godoro la kuangukia, nasi tuna magunia yaliyojazwa maganda ya mahindi. Kwamba kocha wao husimama karibu mtoto anaporuka, nami huwa naangalia simu. Mama Kasiva, ni kweli huwa naangalia simu. Lakini jambo kuwa kweli si kisingizio cha kulisema.

3. Alibaki mwezi mzima akifanya mazoezi kwa bidii kuliko wote. Anayehama anatakiwa alegee ili tupate la kumsema. Huyu alifika kabla yangu, akafagia ukumbi, akawafundisha wadogo kupinduka kinyumenyume. Sikupata hata siku moja ya kumchukia, na nilijaribu.

4. Mama yake alileta jogoo. Mwekundu, mnene, akanikabidhi mbele ya wazazi wengine pamoja na shukrani za miaka sita. Nitamsemaje mtu sokoni na jogoo wake nimeshamla?

5. Ugonjwa wenyewe umeenea. Mwanafunzi wangu Mutisya, ambaye nilidhani anapenda jimnastiki kuliko chakula, amekiri kwamba huja kwa ajili ya uji tunaowapa baada ya mazoezi. Baba wa mapacha wawili wa klabu, Mzee Kitheka, amesema hadharani kwamba simba niliyemchora ukutani kama nembo ya klabu ni mbuzi. Jumapili iliyopita dada mmoja wa sauti ya kwanza aliiaga kwaya ya kanisa akasema mwalimu wa kwaya huanzisha nyimbo juu mno. Na mwalimu, badala ya kukasirika kama mtu mzima, akaanzisha wimbo uliofuata chini. Leo asubuhi Jonah anayeniuzia maziwa ameniambia, bila kuulizwa, huyatia maji kiasi gani. Tukiendelea hivi, uchaguzi ujao mgombea atapanda jukwaani hapa sokoni aseme kwamba barabara hataijenga, nasi tutakosa la kushangilia. Hayo yote yameanzia mlangoni mwa ukumbi wangu, kwa mtoto wa miaka kumi na minne.

Kwa hivyo naomba kamati ipitishe kanuni. Kila anayehama ajaze fomu yenye sababu tatu zinazokubalika, yaani goti, masomo, na nyanya mgonjwa, atie alama kwenye moja tu. Fomu isiwe na nafasi ya maelezo zaidi. Naye Kathini arudishwe Nunguni haraka iwezekanavyo, ili aondoke upya kwa utaratibu. Akirudi akakuta hana haraka ya kuondoka, sitamsukuma.

Nisalimie mzee wako, na wanakamati wote mmoja mmoja, pamoja na yule aliyesema klabu yangu ni mahali pa kuachia watoto wakati wa soko. Kwaya nayo inawasalimu, kwa sauti ya chini.

Wako mwenye masikitiko,

Kocha Mulwa

Nyongeza: Siku yake ya mwisho Kathini aliniuliza kama kweli ana kipaji. Nilimjibu kwa ustaarabu wetu, ili asivimbe kichwa, na ili mimi nisilie mbele ya watoto. Nikasema, "Wa kawaida tu." Akasema asante, akachukua begi lake, akaenda. Tangu siku hiyo nikila chakula hakina ladha. Najua utakuwa Kambu Jumamosi kwenye mashindano. Tafadhali, Mama Kasiva, mtafute kabla hajaruka, umwambie kwamba Kocha Mulwa alidanganya. Miaka ishirini nafundisha, na sijawahi kuona mtoto kama yeye. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze neno.