Mahali Ambapo Hawasemi Pole

Jumatatu, 7 Agosti 1995. Migori.

Tumevuka mpaka. Mimi, Edith, mabegi mawili. Mabegi nimeyashona mwenyewe kwa turubai la kijani, mikanda ya mabegani, zipu ya shaba. Wale wazungu waliopita kwetu Upareni mwezi wa tano hawakuwa na zipu nzuri hivi. Mume na mke, wamebeba nyumba nzima mgongoni, hawajui njia, hawajui lugha, na bado wanacheka. Niliwatazama kutoka kwenye cherehani yangu nikaelewa mara moja. Siri ni begi, na kwenda mahali ambapo hakuna anayekujua.

Niandike sababu mara moja, nisirudie. Mwezi wa tatu mtoto wetu alifariki. Miezi minane, homa. Basi. Tangu hapo kijiji kizima ni pole. Kisimani pole, kanisani pole, mteja analeta suruali ya kupunguza, pole. Na kila pole Edith analia. Mimi ni fundi, najua kwamba mshono uliofumuka hauvutwivutwi. Nikawakataza ndugu wote kutaja jina la mtoto. Hata mimi nimeacha kumwita mke wangu Mama Fulani, nimemrudishia jina lake la Edith. Hakunishukuru. Wiki iliyopita amesema tukirudi kutoka safari hii atapitiliza kwa mama yake, huko Gonja. Nikamuuliza kwa muda gani. Akasema hajui.

Kwa hiyo safari hii lazima ifaulu. Kenya nimeichagua kwa utafiti. Kila mtu kwetu anajua Wakenya hawana maneno ya adabu. Wana haraka, wanakupita. Taveta ni karibu zaidi, lakini kumejaa Wapare. Huku Migori hatuna hata shemeji.

Afisa wa mpakani aliuliza huyu ni nani yangu. Nikasema Edith, mke wangu, tuko wawili, wawili tu. Akagonga muhuri. Akatazama mabegi. Akasema: poleni na safari.

Bahati mbaya tu. Huenda alilelewa Tanzania.

Jioni. Mwenye nyumba ya wageni: poleni na mizigo. Mama wa chai: pole na jua. Mtu mmoja asiyehusika kabisa, anapita na baiskeli: poleni! Edith anajibu asante kwa kila mmoja, kwa sauti ndogo. Halii. Ila anamtazama kila anayesema, kama mtu anayeitwa.

Utafiti wangu una kasoro.

Jumanne, 8 Agosti. Uriri.

Tumetembea kwa miguu, kama wazungu. Nimegundua tatizo. Ni mzigo! Mtu akikuona na mzigo, pole inamtoka yenyewe. Dawa: Edith asionekane na mzigo. Nikachukua begi lake, nikalivaa kifuani, langu mgongoni. Sioni miguu yangu. Nimeanguka kwenye mtaro mbele ya soko zima. Nimepewa pole ambazo kwetu mtu hupewa akifiwa na baba.

Na Edith hakufurahi. Alitembea mikono ikining'inia, hajui aiweke wapi. Kufika kwenye miwa akasimama, akasema nimpe begi lake. Nikasema ni zito. Akasema anajua. Akainama kidogo mbele, akaliweka mgongoni, akalitikisa mara moja likae sawa, kisha akapeleka mikono nyuma, chini ya begi. Akaenda hivyo. Analipigapiga polepole.

Sijui ni mtindo gani. Wazungu hawakubeba hivyo. Lakini uso wake umetulia, na safari ya leo yote hajataja Gonja. Begi limeanza kufanya kazi.

Jumatano, 9 Agosti. Barabarani.

Mpango mpya, bora kuliko wote. Tusijue Kiswahili! Mtu asiyejua Kiswahili hawezi kupewa pole. Nimemwambia Edith tangu leo ni Kipare tu mbele ya watu. Aliniuliza kama nina homa.

Dereva wa trekta la miwa alitubeba. Akatusalimia, nikamjibu kwa Kipare kirefu. Akashangaa, akatuonea huruma, akaanza kusema kwa lugha yake ya Kijaluo. Kila trekta likirushwa na shimo anageuka nyuma: "Mos." Nikafikiri ndilo jina lake. Mtu mchangamfu, anajitambulisha kila baada ya shimo. Nami nikamwita Bwana Mosi njia nzima, kwa heshima. Alikuwa anacheka hadi usukani unamponyoka.

Tuliposhuka, mwanamke wa mahindi alipoona Edith anashuka na begi, akasema mos. Mzee naye akasema mos. Nikamwambia Edith kwamba huyu Mosi ni mtu maarufu sana sehemu hizi.

Edith akasema, bila kugeuka, mos ni pole. Dereva alimweleza nilipokuwa nimelala juu ya miwa. Alimweleza kwa Kiswahili. Kumbe Edith alimwambia tangu mwanzo kwamba tunakijua, na kwamba mume wake ana mipango.

Ijumaa, 11 Agosti. Rangwe.

Mkanda wa begi la Edith umekatika. Aibu kubwa kwa fundi. Nikatafuta cherehani, nikampata mtu anaitwa Obare, anafanyia kazi kwenye kibaraza sokoni. Nikaomba niketi mimi kwenye cherehani yake dakika chache. Akakataa. Akageuza mshono wangu, akaita wenzake waje waone. Akasema huu ni mshono wa pazia. Nikamwambia kola ya shati alilovaa imeshonwa na mtu aliyekuwa anasinzia. Akasema amelishona mwenyewe. Nikasema naona. Tukabishana uzi, tukabishana sindano, tukabishana nani alianza kutumia uzi maradufu, Kenya au Tanzania. Nilikuwa ninashinda.

Nilipozunguka nyuma ya kibaraza nikamkuta Edith ameketi kwenye kigunia na mke wa Obare, Dolphine, anayeuza njugu. Begi liko mapajani kwa Edith. Mikono ya Dolphine iko juu ya mikono yake. Wote wawili wamelia, na wamemaliza.

Nikauliza nani kasema nini. Dolphine akanijibu mwenyewe, hana haraka hata kidogo. Akasema alimwona Edith anakuja toka mbali, anapigapiga begi. "Mimi nilimuuliza tu, mama, huyo ulikuwa unabeba hapo nyuma alienda lini. Hiyo mkono si ya kubeba nguo."

Nikamwambia ndani mna nguo tu na sufuria moja. Wakanitazama wote wawili.

Leo tunalala kwao. Sikuulizwa. Obare ameshona mkanda upya kwa uzi maradufu. Hajachukua malipo, amesema pole. Hii nimeiona kama kejeli ya kazi.

Jumamosi, 12 Agosti. Rangwe.

Sabato. Dolphine ni Msabato kama sisi, akatupeleka kanisani kwao. Niliiona hatari mapema. Wageni husimamishwa wajitambulishe, na Edith alikuwa amekaa kama mtu mwenye la kusema. Mpango: niumwe tumbo kabla zamu yetu haijafika, nitoke, naye atanifuata.

Nikaumwa vizuri sana. Nikajikunja, nikaguna. Kanisa zima likageuka. Pole, mos, pole, toka ukutani hadi ukutani. Mzee wa kanisa, Simeon, akanishika mkono akanitoa nje, akaninywesha mwarobaini kikombe kizima, akasimama kuhakikisha. Edith hakunifuata. Kupitia dirishani nikamwona anasimama. Alisalimu kwanza. Kisha akasema jina lake ni Mama, na akamalizia na jina lile. Sitaliandika hapa. Akasema alikuwa na meno mawili. Akasema alipenda kushika ncha ya futikamba ya baba yake, ile ya kupimia nguo, na kuitafuna.

Halafu wote kwa pamoja, kwa sauti ya chini: mos ahinya. Pole sana.

Machozi yalinitoka. Mwarobaini hufanya hivyo. Mzee Simeon akasema pole, nikamwambia tumbo limepona. Akasema hasemi tumbo.

Jumapili, 13 Agosti. Homa Bay.

Dolphine alitusindikiza hadi barabarani na njugu za kumpelekea mama yake Edith. Kwa hiyo hata yeye anajua habari za Gonja.

Nimempeleka Edith ufukweni, penye samaki. Nilikuwa nimepanga kucheka. Wazungu walicheka karibu na maji, nakumbuka, pale kwenye mfereji wetu. Nikacheka. Korongo waliosimama kwenye mapipa ya takataka wakaruka. Edith akaweka samaki chini.

Akasema: "Zablon, watu wa njia nzima wamenipa pole. Afisa, dereva wa miwa, mpaka fundi uliyemtukana shati. Bado wewe tu."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye niliyeshona kile kigauni cheupe alichozikwa nacho, usiku ule, na kwamba tangu siku ile nikishika kitambaa cheupe vidole havinitii. Nikamwambia yule samaki, ngege, anapoa.

Akala. Akasema, bila kuniangalia, tukifika kwetu nimbebee begi hadi kituo cha magari ya Gonja. Akifika kwa mama yake hatalihitaji tena.

Nimeshindwa. Nimejaribu kila kitu.

Jumanne, 15 Agosti. Sirari, tunasubiri basi.

Mpakani tulimkuta afisa yule yule. Aliyakumbuka mabegi. Edith alibaki nyuma kidogo, anafunga kamba ya kiatu, begi mgongoni, mkono mmoja nyuma. Afisa akanyoosha kalamu, akauliza huyu ni nani yangu, kwa vile ndivyo wanavyouliza. Jibu nilikuwa nalo, nililitumia wiki iliyopita.

Mdomo ukatangulia. Nikasema, "Mama Namkunda."

Afisa akatazama pande zote, akatazama chini ya meza. "Na Namkunda ako wapi?"

Edith alikuwa amesimama. Nilitafuta mpango, hapakuwa na hata mmoja. Nikamwambia hayupo. Nikamwambia tulimzika mwezi wa tatu, kando ya migomba, na kwamba alikuwa anatafuna futikamba yangu, na kwamba sijanunua nyingine kwa sababu alama za meno bado zipo pale kwenye inchi ya kwanza.

Afisa akaweka kalamu. Akasimama, mtu mzima na kofia yake. "Pole, baba."

Nikasema asante. Sijui kwa nini ilinichukua muda mrefu hivyo kulisema, ni neno fupi.

Edith amenishika mkono tangu pale hadi hapa kituoni. Ninaandika kwa mkono mmoja, daftari linateleza. Amesema, "Pole, Baba Namkunda." Nikamjibu pole na wewe. Nikaongeza: na safari, ili isieleweke vibaya. Amecheka. Kwa mara ya kwanza tangu Machi, na hapa hapana maji hata tone. Kisha amefungua njugu za Gonja, tunakula. Anasema mama yake anaweza kuja yeye mwenyewe kututembelea, njia anaijua.

Sasa anasinzia begani kwangu. Nimekaa nikitafakari kilichofanya kazi, na nimepata. Ni mkanda. Uzi maradufu wa yule Obare umeweka uzito sawasawa mgongoni. Ningejua, ningeshona hivyo tangu mwanzo na yote haya yasingetokea.

Kosa la pili lilikuwa nchi. Mwakani tutakwenda Uganda. Nimefanya utafiti hapa hapa kituoni, kwa kumuuliza dereva mmoja. Waganda wengi hawajui Kiswahili. Pole watatoa wapi?