Muzee wa Foyer ya Burungu

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Siku nzuri sana! Mama Athanasie amekwama tena ndani ya Muzee, akapiga kelele mbele ya watu wote: Papa Formateur, uniokoe! Nikaenda polepole. Muntu mukubwa hakimbii. Nikabonyeza bila hata kuangalia, akatoka. Wamama wakapiga makofi. Athanasie akanipa kipande cha fromage, jibini ya hapa kwetu, kikubwa kama kiatu. Nimekula chote.

Kama siku moja wajukuu watasoma haya, niwafafanulie. Muzee ni programu ya kuandikia, imo ndani ya mashini zote nne za foyer, nyumba ya mafunzo ya wamama hapa Burungu. Imenipita umri. Haina picha, haina souris ya kusukuma kwa mkono. Screen nyeusi, maneno meupe, amri chungu nzima za kukariri. Nguvu iko nayo! Kuingia ni rahisi, kutoka njo taabu. Hapa kwetu najua mimi peke yangu, njo maana niko formateur, mwalimu wa mashini. Nilijifunza Goma, huku nikilia.

Sasa ubaya. Mchana muntu mmoja anaitwa Élie, naye fundi wa mashini, amefika na flash mfukoni. Ndani yake programu mpya: picha ya mkasi ya kukatia, picha ya mlango ya kutokea. Wamama wameshaipa jina: Kijana. Ameiweka kwenye mashini zote, pembeni ya Muzee wangu! Mama Euphrasie, présidente wa foyer, amesema Jumapili kisha misa watachagua, Muzee ao Kijana, na mwenye kushinda njo atakuwa formateur.

Nikipoteza kile kiti, narudi kuchunga ng'ombe za shemeji yangu Byukusenge. Ng'ombe zake anaziita kwa majina mazuri. Mimi ananiita "wewe".

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Élie amekuja kunisalimia. Sauti tamu, meno yote nje. Amesema kaka Théophile, tusigombane bure. Muzee iko na nguvu, hakuna anayekataa. Tumuwekee tu mstari mmoja wa Kiswahili pale chini ya screen, useme namna ya kutoka. Anayejua tayari aufiche, mgeni ausome. Mama Euphrasie akasema hiyo njo akili.

Nikajibu kwamba elimu bila mateso haikai kichwani. Mimi nililia, kwa nini wengine wasilie? Euphrasie akaniuliza kama mama yangu alinizaa shambani, je, wamama wa leo wakatazwe kwenda kuzalia maternité? Nikaangalia mlima.

Nimesema nitafikiri. Nimefikiri. Hapana! Mstari ukishasema kila kitu, mimi nitasema nini?

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Ukungu! Ukungu mzuri, mzito, wa Masisi kabisa. Hata mbuzi wa jirani hawakuonekana.

Foyer yetu inakula umeme wa plaque ya jua iliyo juu ya paa. Batterie yake imechoka, haiweki akiba tena. Kijana na mapicha yake anataka jua kali. Élie akawasha mashini moja mbele ya wamama: mkasi ukatokea nusu, mlango haukutokea kabisa, ikazimika. Nikamwambia pole sana, kaka. Nikangoja kidogo, nikamwasha Muzee. Muzee anakula kidogo, kama kuku. Tuliandika mpaka mchana bila wasiwasi.

Athanasie ndani akakwama mara nyingi tu. Kila mara Papa Formateur, Papa Formateur! Sauti hiyo iliniingia kama chai ya moto. Nimerudi nyumbani nikiimba. Byukusenge ameuliza kama nimelewa. Nimelewa ushindi, nikamjibu.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika tu.

Papa Ndayambaje amekuja na programu ya dot, yaani karatasi ya sherehe ya mahari, ya binti yake Murekatete. Familia mbili zimepatana: mahali pa mbuzi, zitatolewa ng'ombe. Nafasi yangu hiyo! Nikaita wamama wote, nikamwita hata Élie. Nikasema muone nguvu ya Muzee: amri moja tu, na kila penye mbuzi panakuwa ng'ombe, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Tap! Wamama wakasema yeee! Hata Élie alikubali kwa kichwa. Tukatoa nakala, Papa Ndayambaje akaondoka anacheka.

Amerudi jioni, hacheki. Kumbe ndani ya programu kulikuwa na somo la sala, shangazi ya bwana arusi alilichagua mwenyewe. Lile la siku ya mwisho, kondoo kuume, mbuzi kushoto. Sasa kushoto ni ng'ombe! Ng'ombe wote wa dunia wanahukumiwa kwenda motoni! Papa Ndayambaje amekulia katikati ya ng'ombe. Ameniuliza, kwa upole wa kutisha, ng'ombe wamemukosea Mungu nini. Ameuliza pia kama niko na kinyongo na familia yake.

Athanasie akasema Kijana yeye anauliza kwanza, hapa nibadilishe ao niache? Muzee naye anaweza kuuliza vilevile, ila formateur hakumuruhusu. Sijui nani amemwambia hayo.

Ijumaa, tarehe 10 Oktoba

Niko na malaria. Yaani nimesema niko na malaria.

Byukusenge amepita kuniona. Ameniletea bottes, viatu virefu vya mpira vya kuchungia, mpya. Amesema nijaribu tu. Zinanikaa vizuri kabisa. Nimezivua haraka.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Salongo, siku ya kazi ya wote. Kijiji chote kimeenda kuzibua mifereji ya barabara. Mimi nimesema mgongo. Nilikuwa na kazi kubwa kuliko mifereji: kuingia foyer na kuiondoa ile picha ya mlango ndani ya Kijana. Jumapili wamama wakwame ndani mbele ya Élie, nione makofi yatakwenda wapi.

Nikafungua. Mama yangu! Picha kila upande, ndogondogo, zote zinafanana. Nikagusa moja, maandishi yakalala upande. Nikagusa nyingine, herufi A ikajaa screen nzima. Kikatokea kidirisha kinaniuliza swali. Nikasema hapana. Kikaniuliza tena! Nikabonyeza ile amri yangu ya kutokea, ya Muzee, ile ninayoijua hata usingizini. Kijana akaiandika vilevile pembeni ya A, kubwa, kama jina la duka. Jasho likanitoka. Kweli niliogopa, niseme nisiseme. Nikashika waya wa umeme nivute.

Kivuli mlangoni. Mama Euphrasie, amekuja kuchukua chepeo ya pili ya kuchotea matope.

Akaniuliza nafanya nini na waya. Nikasema napima kama muntu mgeni anaweza kutoka ndani ya Kijana. Akauliza matokeo. Nikasema haiwezekani. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akaja na kidole chake cha matope, akanionyesha mlango. Ulikuwa pale juu, mbele ya macho yangu.

Nimejifunza jambo: Kijana ametengenezwa vibaya. Kitu ambacho muntu wa akili kama mimi anashindwa kutoka ndani yake ni hatari kwa wamama. Muzee njo rahisi.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Wamama wameamua. Nilikaa nyuma, naona bottes mbele ya macho.

Euphrasie amesema hivi: foyer haitatupa nguvu ya Muzee na haitatupa mlango wa Kijana. Siku ya ukungu, tutaandika na Muzee, formateur Théophile. Siku ya jua, Kijana, formateur Élie. Lakini Muzee awekewe ule mstari wa Kiswahili, tena leo, la sivyo Théophile hana kiti.

Nimeuweka. Hata maji ya chai yalikuwa hayajachemka. Athanasie akaingia ndani ya Muzee, akasoma mstari, akatoka peke yake. Akaingia tena, akatoka. Akaanza kuimba. Alifurahi hivi mpaka na mimi nikafurahi, Mungu anisamehe. Baadaye nikakumbuka kwamba hataniita tena.

Lakini tuhesabu kwa akili. Hapa kwetu jua ni mgeni, ukungu ni mwenyeji. Kwa hiyo nimeshinda! Nimekula fromage, nimelala mchana. Maisha ni matamu.

Jumatatu, tarehe 13 Oktoba

Jua. Jua la kuchoma kisogo! Mlima wote unang'aa, Élie amekaa kwenye kiti changu, amepandisha mguu mmoja juu ya mwingine.

Nikamwomba Byukusenge bâche, turubai lake la kufunikia majani ya ng'ombe. Nikapanda paa la foyer kwa upande wa nyuma. Nikafunika plaque ya jua vizuri, nikafunga kamba. Kazi safi. Nikashuka, nikakaa chini ya ukuta, nikangoja kwa utulivu.

Haikukawia. Athanasie akaita: Papa Formateur, Kijana amekufa! Ah, ile sauti! Nikaingia kifua mbele. Nikamwambia Élie ainuke, huu sasa ni wakati wa Muzee. Nikakaa, nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Nikawaeleza wamama kwamba Muzee hana haraka. Nikabonyeza sana, mpaka Athanasie akanigusa bega, akaniambia Papa, mashini haijawaka.

Wamama wakaangalia jua dirishani. Wakaangalia kamba inayoning'inia dirishani. Wakaniangalia mimi.

Naandika haya nikiwa malishoni kwa Byukusenge. Nitakaa huku mpaka hasira ya wamama ipoe, njo amri ya Euphrasie. Si kubaya. Hewa safi, maziwa mengi, ng'ombe hawaulizi maswali. Nimekaa nikapima mambo yote tangu mwanzo, bila kujipendelea, na kosa langu nimeliona wazi. Nilifunika plaque nzima.

Nikirudi, nitafunika nusu.