Roboti Tatu Zilizobadilisha Amri Yangu

Tainan, Jumatatu

Mheshimiwa Mkurugenzi Hsieh,

Natumaini u mzima, na kwamba umeketi.

Mimi Kuo Jun-ting, mkuu wa waandika programu, ndiye niliyetunga kiolezo mama cha roboti zetu, yaani programu ya msingi ambayo kila roboti hurithi amri zake. Zile tatu zilizoko kwenye mgahawa wa supu wa Bwana Tsai, ya mlangoni, ya kubeba vyakula na ya kufagia, zimerithi kila kitu humo. Nilitarajia heshima ya mzazi. Badala yake nalalamika hivi:

1. Amri yangu ya "Karibisha" ilikuwa safi: simama, inama, sema karibu. Binti Chiang Yi-ru, mwajiriwa mpya, aliliacha jina la amri kama lilivyo, akabadilisha yaliyomo ndani ya kila roboti. Sasa Bwana Tsai akibonyeza kitufe kimoja, ya mlangoni inafungua mlango, ya vyakula inaleta chai, ya kufagia inakausha sakafu iliyolowa mvua. Hakuna hata moja inayoinama. Nilipomuuliza Yi-ru, alinijibu kwa adabu iliyoniuma kuliko tusi: "Zote zimeitika, Mwalimu. Ila kila moja imeitika kwa kazi yake."

2. Na "Aga" nayo kaifanya hivyo hivyo. Wateja wanafurahi, Bwana Tsai anamsifu Yi-ru, nami nimesimama pembeni na bakuli langu kama mpita njia.

3. Ugonjwa umeingia ofisini. Juzi nilisema tuanze kazi. Mmoja akawasha kompyuta, mwingine akachemsha maji, Yi-ru akampigia mteja simu. Nilitaka kuwakemea, lakini kila mmoja alikuwa ameshaanza kazi yake.

4. Sasa ugonjwa huo uko nyumbani kwangu. Nilitangaza kwamba chakula kiko tayari. Mke wangu akapakua wali, mama akaketi, na mwanangu Bo-han, aliyerithi pua yangu na sauti yangu, akabeba ngoma yake akaenda mazoezini hekaluni. Huyo nilimtarajia awe mwandika programu.

Kwa hiyo naomba kiolezo mama kifungwe, roboti yoyote iliyokirithi isibadilishiwe amri hata moja. Wafanyakazi wote waanze siku kwa kuchemsha maji, au wote kwa kupiga simu, uchaguzi nakuachia. Na kampuni imwandikie Bo-han, kwa karatasi yenye nembo, kumjulisha kwamba ngoma haimo katika kiolezo chake.

Nisalimie shemeji, dereva wako, na paka wa pale mapokezi.

Wako mtiifu, nisiyebadilishwa,
Kuo Jun-ting

N.B. Nikiwa natafuta bahasha nimepigiwa simu. Mama ameteleza kwenye supu iliyomwagika kwa Bwana Tsai, naye Bwana Tsai akabonyeza "Saidia". Katika kiolezo changu amri hiyo inasema: simama ulipo, piga kengele. Roboti tatu zingebaki zikimpigia mama yangu kengele pale sakafuni. Kumbe Yi-ru alishaipitia na kuibadilisha. Ya kufagia ikakausha supu, ya vyakula ikaleta barafu kutoka jikoni, ya mlangoni ikashikilia mlango wazi mpaka wahudumu wa gari la wagonjwa wakaingia. Kifundo cha mguu kimevimba tu. Mama aliuliza ni nani aliyezifundisha, ikabidi nimtaje. Anataka Yi-ru aje kula kwetu Jumapili. Tafadhali, katika barua hii soma salamu peke yake.