Bahasha ya Kunguru wa Bonde

Jumatatu, 7 Februari 2022

Nimekwisha! Barua ya Tume ya Mipaka imefika, na ramani ndani yake. Jimbo letu la uchaguzi la Dyffryn Cerwyn, hapa Wales, linafutwa. Kijiji chetu cha Llanfadog kinavushwa mto na kutupwa jimbo la Bro Gwernol, kwa watu wale wale wanaotucheka tangu enzi za babu yangu. Mstari mmoja wa wino mwekundu. Hata hodi hawakupiga.

Na kitabu changu je? Miaka ishirini na mitatu nakiandika. Kurasa mia nne na kumi na mbili. Historia ya Jimbo la Dyffryn Cerwyn, 1918 hadi Milele. Mchapaji anakisubiri mwezi wa nne. Nani atanunua historia ya jimbo lisilokuwepo? Nikamwonyesha mke wangu Nesta ile ramani. Akaitazama weee, halafu akauliza eti huko tunakopelekwa wanazoa taka siku gani. Nikatoka nje nikakaa na kondoo.

Jumanne, 8 Februari

Kumbe bado kuna tumaini! Tume inakuja kusikiliza wananchi Alhamisi ya wiki ijayo, ukumbi wa kanisa. Mwenye ushahidi wa kihistoria aulete. Ushahidi! Nani anao kunishinda mimi? Nitawathibitishia kwamba Llanfadog haijawahi kuwa ya ng'ambo, hata siku moja. Jimbo litapona, na kitabu pia.

Marehemu baba alipiga kura kwenye ukumbi huo mara kumi na tatu, kila mara amevaa tai yake ya mazishini. Mgombea wake alishindwa mara zote kumi na tatu. Leo nimeitoa ile tai kabatini. Inanuka dawa ya nondo.

Alhamisi, 10 Februari

Siku imeharibika. Nimekutana posta na Mwalimu Tegwyn Bebb, mstaafu, wa ng'ambo ya mto. Naye atazungumza mbele ya Tume, upande wa Bro Gwernol. Akaniuliza, foleni nzima ikisikia, kama mzee Idwal, yaani mimi, bado anaandika kale kakitabu kake. Kakitabu!

Sijamsamehe tangu 1999. Mwaka ule, kwenye eisteddfod yetu ya kijiji, lile tamasha la Kiwelshi la kushindana kwa nyimbo, mashairi na insha, kulikuwa na shindano la insha kuhusu mpaka wa jimbo. Jaji, Tegwyn. Mwandishi hujificha nyuma ya jina la kubuni, jina lake halisi linafungiwa kwenye bahasha, na bahasha ya asiyeshinda haifunguliwi kamwe. Nikapiga hesabu zangu: jaji ni wa ng'ambo, nimpe anachokipenda. Nikaandika kurasa thelathini kwamba Llanfadog ni mali halali ya Bro Gwernol, ikachukuliwa mwaka 1918 na karani mlevi. Yote nilitunga! Nikajiita Kunguru wa Bonde.

Tegwyn akapanda jukwaani akatangaza kwamba Kunguru wa Bonde ameshika nafasi ya pili. Nilikuwa mshindani peke yangu.

Jumapili, 13 Februari

Nimewakusanya watu baada ya ibada ili nipate mashahidi. Nikawaahidi chai na mkate wa zabibu wa Nesta. Walikuja arobaini! Mkate ukaisha kabla sijafika mwaka 1922. Aliyejitolea kusimama mbele ya Tume ni mmoja tu, Bi Myfi wa duka la nyama, naye anataka kuzungumzia mashimo ya barabarani. Nesta kanuna. Anasema siagi yake imekwenda bure.

Alhamisi, 17 Februari

Mungu wangu. Niandike nini?

Nilianza vizuri. Tai ya baba shingoni. Maofisa watatu mezani, mwenyekiti mama mpole mwenye miwani. Nilizungumza dakika kumi, na Nesta hakusinzia. Nikamaliza kwa kusema hakuna karatasi duniani inayoiweka Llanfadog ng'ambo ya mto.

Tegwyn akainuka taratibu. Akasema ipo. Akatoa kurasa thelathini, na mimi nikazijua kabla hajafungua ya kwanza. Akazisoma kwa sauti yake ile ya darasani. Alipofika kwa karani mlevi, maofisa wote watatu wakaandika.

Ningenyamaza tu, jamani! Lakini nikajiambia bahasha haifunguliwi, nani atajua? Nikasimama nikamvaa huyo Kunguru. Nikasema ni mwongo, mbumbumbu, hajawahi kufungua jalada hata moja, katunga kila kitu ili ajipendekeze kwa jaji. Nikasema mtu wa namna hiyo asisadikiwe kwa lolote linalohusu jimbo hili. Nikaomba maneno hayo yaingizwe kwenye kumbukumbu. Yakaingizwa. Mwenyekiti akauliza nimemjuaje vizuri hivyo. Nikasema watu kama hao nawajua kwa harufu.

Tegwyn akachomoa bahasha mfukoni. Kumbe kaitunza miaka yote! Akasema mila haimruhusu, ila kwa kuwa mwandishi katukanwa hadharani, ni haki atajwe ili ajitetee. Akaichana. Akasoma: Idwal Probert, Llanfadog. Na namba ya simu nilikuwa nimeandika.

Nikamsikia Nesta akisema, masikini, Idwal. Mwenyekiti akaniuliza kwa upole kama ningependa kujibu tuhuma zangu.

Jumatano, 19 Oktoba

Basi tena. Dyffryn Cerwyn imekufa rasmi. Ripoti ya Tume inanitaja mstari mmoja: shahidi wa Llanfadog alipinga pendekezo, kisha akajipinga mwenyewe. Mchapaji kapiga simu kuuliza kama pale kwenye Milele aweke 2022. Nikamwambia aache kitabu chote.

Nimelia, sioni aibu kuandika. Baba alishindwa mara kumi na tatu lakini jimbo lake lilikuwepo kesho yake. Mimi nimelizika kwa mkono wangu. Nesta akanimiminia chai, akaniomba niachane na mambo ya mipaka, mzee wangu, umechoka. Nikamwapia sitayagusa tena maisha yangu yote.

Jumamosi, 22 Oktoba

Tangazo limebandikwa posta. Eisteddfod ya mwakani, shindano la insha: Historia ya Jimbo Letu Jipya. Jaji, Mwalimu Tegwyn Bebb.

Nimeshafika ukurasa wa tisa. Nathibitisha bila shaka yoyote kwamba sisi na Bro Gwernol tulikuwa kitu kimoja tangu kuumbwa kwa mto. Karani mlevi nimempa jina, mke na watoto wanne. Safari hii najiita Bundi. Bahasha nimeifunga kwa gundi mara mbili.

Nimeulizia posta kama kuna mwingine aliyejiandikisha. Hakuna, niko peke yangu. Hapa siwezi kushindwa.