Mjomba Marwa Alivyonisemea Ukweni

Leo nimedhalilika. Mchana kweupe, ukweni, mbele ya wazee saba na ng'ombe wao.

Naandika nikiwa nimekaa kitandani na viatu miguuni. Sijala. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kutuma vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Na wewe ndugu uliyetuma jana humu kikundini ile linki ya "Jua ni mwandishi gani wa hadithi za maajabu anayefanana na wewe", sijakusamehe. Nitakutaja kwa jina siku nyingine, leo sina nguvu.

Wengi wenu hamjui mambo yangu, maana humu tunaongea vitabu tu. Basi jueni. Mwezi wa tatu mimi na mke wangu Ghati tulipata mtoto wa kike. Aliishi siku sita. Tukamzika kwa baba yangu, kijijini Kemambo, na Jumatatu nikarudi kazini huku Serengeti, ninakofundisha shule ya msingi. Kila nikitoka kazini nafungua simu, nasoma. Majoka, falme, wachawi, majeshi ya wafu. Nilimaliza vitabu tisa. Kwenye kitabu cha nne alikufa farasi mmoja, nikalia, Ghati akaniona. Siku hiyo hakusema kitu. Alisema majuma mawili baadaye, mzigo wake ukiwa umeshafungwa mlangoni.

"Farasi ambaye hayupo umemlilia. Aliyekuwepo hata jina lake hujawahi kulitaja."

Akapanda bodaboda kwenda kwao Nyanungu. Hizo ni wiki tano sasa. Nyumba imekuwa kubwa kweli kweli, nyumba ya vyumba viwili!

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kikao cha kumrudisha. Sasa, kwetu mkwe haendi kujisemea, anasemewa. Unakwenda na mtu mzima wa upande wako, yeye ndiye mdomo wako. Wewe unakaa kwenye kigoda, unatazama chini, unanyamaza mpaka uulizwe. Ukidakia maneno ya wazee, kikao kimevunjika, rudi kwenu ukajifunze adabu.

Mdomo wangu alikuwa mjomba Marwa, kaka yake mama. Ni mzee wa kanisa. Hajasema uongo tangu abatizwe, na alibatizwa akiwa na miaka kumi na minne. (Mtu mwenye akili angeona hatari hapo hapo. Mimi niliona sifa.)

Tumefika saa tatu kamili. Tukaambiwa wazee wamekwenda kwanza kuamua kesi ya ng'ombe walioingia kwenye mihogo ya mtu, tusubiri. Tukapewa gogo la kukalia kando ya boma, na chai ya maziwa. Ghati sikumwona. Nilisikia sauti yake tu kutoka jikoni, akimwambia mtu alete kuni, na moyo ukanidunda mpaka chai ikamwagika kidogo kwenye suruali. Suruali yenyewe nyeupe. Ndiyo, nilivaa suruali nyeupe kwenda Nyanungu, nichekeni hapo kama mnataka.

Saa nne. Wazee hawajaja. Saa nne na nusu. Hofu imenikaba. Mimi nikiwa na hofu natoa simu, ndiyo ugonjwa wangu. Nikaifungua ile linki.

Swali la kwanza likanichekesha. Mjomba akageuka, akaniita mura, kama wazee wetu wanavyomwita kijana.

"Unacheka nini, mura? Hapa ni ukweni."

"Ni maswali tu, mjomba. Yanapima mtu ni wa aina gani."

Hilo ndilo kosa langu. Maneno matano hayo, "mtu ni wa aina gani". Mjomba akaweka kikombe chini, akasogea.

"Basi nisomee. Hayo ndiyo watakayouliza hawa."

Ningemwambia ni mchezo. Nilitaka kumwambia! Lakini nilimwona mzee wa watu amefurahi kwamba nimejiandaa, nikaona nimsomee tu, saa zitakwenda. Nikamsomea. Swali, majibu yote manne, kisha jibu ninalochagua. Na mimi nilichagua kama ninavyosoma vitabu, si kama ninavyoishi. Mnanielewa ninyi. Nani kati yenu angechagua "naishi kwa amani na majirani" wakati kuna ngome juu ya mlima?

Mjomba alikuwa anakunja kidole kwa kila jibu. Nikadhani anapitisha muda. Kumbe anakariri.

Mwisho simu ikatoa matokeo. Nafanana na mwandishi mmoja wa nchi za baridi, simjui, ambaye ameandika vitabu kumi na viwili kuhusu mfalme aliyekufa anayetawala maiti wenzake. Nikamsomea mjomba na hilo. Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Eeh." Basi.

Saa sita wazee wakaja. Shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, mara saba. Baba mkwe wangu, mzee Nyamhanga, akakaa katikati. Ni mtu wa maneno machache. Anayesema kwa niaba yake ni mdogo wake, mzee Wambura, ambaye alizaliwa amekasirika. Wanawake wakabaki jikoni, na jiko lenyewe ni hatua kumi kutoka tulipokaa, ukuta wa udongo, kila neno linapita. Mimi nikapewa kigoda. Nikatazama chini.

Mjomba akaanza vizuri sana. Alisalimu vizuri, akaeleza vizuri kwamba tumekuja kuomba binti arudi kwake, na kwamba kufiwa kunawafanya watu wapotezane hata wakiwa nyumba moja. Nilitamani kumkumbatia. Kisha mzee Wambura akauliza.

"Tumesikia. Sisi tunataka kujua jambo moja. Huyo kijana wenu ni mtu wa namna gani? Kwa sababu binti yetu anasema ameishi naye miaka mitatu na hamjui."

Mjomba akasimama. Akavuta koti lake la kanisani.

"Swali zuri," akasema. "Na jibu ninalo. Leo leo amepimwa, hapo bomani, na mimi nimeshuhudia kwa masikio yangu."

Jamani.

"Ameulizwa angependa kuishi wapi. Akasema, juu ya mlima, ndani ya ngome, peke yake."

Wazee wakatazamana. Mimi nikakohoa. Mjomba akanitolea jicho la "tulia, nakusifia". Na kweli alidhani ananisifia! Sauti yake ilikuwa imejaa fahari.

"Ameulizwa, mtu akikukosea unamfanyaje. Akasema, namsubiri miaka kumi, halafu nachoma nyumba yake na za jirani zake zote."

(Ilikuwa "ufalme wake". Mjomba aliileta karibu ili wazee waelewe.)

"Mungu wangu!" Hiyo ilikuwa sauti kutoka jikoni. Shangazi yake Ghati.

Nikainua mkono. Mzee Wambura akaninyooshea fimbo. "Wewe hujaulizwa. Tunamsikiliza mtu mzima." Mkono ukashuka wenyewe.

"Ameulizwa mapenzi ni nini kwake. Akasema, yanachelewesha vita."

Mzee mmoja pembeni akacheka, akajifanya anapiga chafya. Baba mkwe hakucheka. Alikuwa ananitazama tu, na mimi natazama lile doa la chai kwenye suruali, nikiomba ardhi ipasuke. Ardhi ya Nyanungu ni ngumu, haipasuki kwa maombi.

Halafu mjomba akakunja kidole cha mwisho. Aliposema tena, ile fahari ilikuwa imeondoka.

"Na swali la mwisho. Hili mimi mwenyewe sikulipenda, lakini nikilificha nitakuwa nimewadanganya. Ameulizwa, mtu unayempenda akifa katikati ya safari, unafanyaje. Akajibu, nageuza ukurasa."

Jikoni mwiko uliokuwa unakoroga ukasimama.

Ndugu zangu, nimewahi kusahau maneno mbele ya mkaguzi wa shule. Nimewahi kuanguka na baiskeli mbele ya darasa zima. Aibu ya leo imezidi zote. Na mimi nilikuwa najua kwamba Ghati yuko nyuma ya ukuta ule na amesikia. Kibaya zaidi ni hiki, na ninawaambia bila utani: halikuwa jibu la mchezo. Yale mengine yote nilichagua kwa kucheka. Lile nilichagua haraka, bila hata kusoma chaguo la nne.

Mzee Wambura akauliza kwa upole, na upole wake unatisha kuliko fimbo. "Na hicho chombo, baada ya kumpima, kilisemaje?"

"Kilisema anafanana na mtu mmoja wa mbali anayekaa na maiti," akasema mjomba Marwa, mdomo wangu, akaketi.

Hapo shangazi akatoka jikoni. Alipiga magoti kidogo mbele ya wazee, akasema Ghati ana swali moja kwa mkwe, na kama wazee wanaruhusu ajibu mwenyewe, si kwa mtu. Baba mkwe akakubali kwa kichwa.

"Anauliza, mtoto aliitwa nani?"

Ngoja niwaeleze, maana wengine mtashangaa swali gani hilo. Ghati alimpa mtoto jina la mama yake mzazi. Na kwetu mkwe hatamki jina la mama mkwe. Ni heshima, haivunjwi, hata ukiwa unazama mtoni huwezi kumwita hivyo akuokoe. Watu wenye mapenzi hutafuta jina la kupitia pembeni, Mama Mdogo, Bibi, Mgeni wetu, chochote. Mimi sikutafuta. Siku sita nilimwita "mtoto". Alipokufa nikaona kumbe mila imenipa pa kujificha, nikajificha. Nani angenilaumu? Mkwe mwenye adabu!

Sasa wazee saba wananitazama. Nikitamka, nimemtukana mama mkwe nyumbani kwake. Nisipotamka, Ghati harudi, na hata mimi nisingemlaumu.

Nikatamka. Nilitaka litoke taratibu. Likatoka kwa sauti kubwa, kama ninavyoita mahudhurio darasani.

"Bhoke!"

Na kutoka jikoni, kwa sauti ya mtu aliyeshtuliwa akiwa na mawazo yake, mama mkwe wangu akaitika.

"Abee!"

Mzee mmoja akajishika mdomo. Mjomba akafumba macho kama anaanza sala. Na mimi, mwanamume niliyepita jandoni bila kupepesa jicho, mtu mzima, mwalimu, nikaanza kulia. Si machozi mawili ya kufuta kwa kidole. Kilio cha sauti, makamasi, mabega yanaruka, kigoda kikapinduka, nikawa nimekaa kwenye mavi makavu ya ng'ombe na suruali nyeupe. Nililia jina hilo hilo mara nne au tano, na kila nikilitaja nasikia jikoni mama mkwe naye analia sasa, halafu sauti nyingine ambayo naijua zaidi ya zote.

Hakuna aliyenigusa. Kwetu mwanamume akilia hivyo mnamwacha, mnaangalia ng'ombe. Wazee wote saba wakaangalia ng'ombe.

Nilipomaliza, baba mkwe akaongea kwa mara ya kwanza. "Leo hatutoi mtu," akasema. "Hukumu ya leo ni kwamba tumesikia. Mwenyewe akitaka kurudi atasema. Nendeni mle."

Tukala. Ugali, mlenda na nyama, lakini sikuweza kumeza. Ghati hakutoka. Wakati wa kuondoka nilimwona mgongo wake tu, akianika kitenge ambacho kilikuwa kimeshakauka.

Njiani, kwenye bodaboda, mjomba akaniinamia sikioni. "Mura, nimekusemea vizuri?"

Ningesemaje? Nikamwambia, "Umesema yote, mjomba." Akaridhika. Akaimba wimbo wa kanisa mpaka kwake.

Nimefika nyumbani jua linazama. Nusu saa iliyopita simu imeita mlio wa ujumbe. Ni Ghati. Tangu aondoke hajawahi kuandika.

"Umefika?"

Nimejibu, "Nimefika." Halafu nikaona haitoshi, nikaandika jina la mtoto, peke yake, nikatuma.

Sasa inaonyesha anaandika. Inaacha. Inaonyesha tena anaandika. Kwa hiyo anayetaka kucheka acheke, ila taratibu jamani, na msinitumie chochote kwa sasa. Kila simu ikilia nadhani ni yeye.